Kurasa 10 za Profesa Hardy Cross

Mei 1930, chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilichapa makala ya kurasa 10 ya Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois. Hadi hapo, kupiga hesabu za jengo la fremu za zege la ghorofa nyingi kulidai kutatua rundo la milinganyo kwa mpigo, na wakati huo kompyuta hazikuwapo.

Cross alileta njia ya penseli na karatasi. Chukulia kila kiungo cha boriti na nguzo kimefungwa kisizunguke. Fungua kimoja. Momenti (nguvu ya kupinda) iliyokosa mizani wagawie boriti na nguzo zinazokutana hapo, kila moja kwa kadiri ya ukakamavu wake, na nusu ya kila mgawo ipeleke ncha ya pili. Kifunge tena, nenda kinachofuata. Baada ya duru chache masalia huwa madogo kiasi cha kuachwa. Hilo ndilo linalonivutia zaidi: mhandisi anaona mzigo unavyosambaa, kiungo kwa kiungo, badala ya kungoja jibu litoke gizani.

Wanafunzi wake waliionja njia hiyo darasani kabla haijachapwa. Kwangu, huo ndio uprofesa hasa. Mwaka 1936 akapeleka wazo lilo hilo kwenye mitandao ya mabomba ya maji, na hadi leo wanafunzi wa uhandisi wa maji hujifunza njia yenye jina lake.