Samaki wa Küstner kwenye ngozi ya Prausnitz

Heinz Küstner, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Breslau, Ujerumani (leo mji huo ni Wrocław, Poland), alikuwa haivani na samaki. Akila, mwili unamwasha, kope zinavimba, mwishowe anatapika. Cha ajabu, shida ilikuwa samaki aliyepikwa; mbichi hakumdhuru. Mwenzake Carl Prausnitz, mtaalamu wa bakteria, alikuwa na mzio wa chavua za nyasi lakini samaki alikula apendavyo. Mwaka 1921 wawili hao walichapisha jaribio ambalo ukilielewa, umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya vipimo vya mzio vinavyofanyika leo, vya ngozi na vya damu.

Kwanza walichanganya seramu ya Küstner, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na maji ya samaki ndani ya mrija wa kioo. Hapakuonekana chochote. Ndipo wakahamia kwenye ngozi. Prausnitz alidungwa seramu kidogo ya mwenzake kwenye ngozi ya tumbo. Kesho yake akadungwa maji ya samaki mahali palepale, na dakika chache baadaye pakavimba, pakawasha, pakazungukwa na wekundu. Ngozi ambayo haikupata seramu haikubadilika. Mzio wa mtu mmoja ulikuwa umehamia kwa mwingine, katika eneo dogo tu la tumbo.

Kwa nini ngozi iliweza kilichoushinda mrija? Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 40. Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, Marekani, waliitambua kingamwili inayohusika mwaka 1966. Mwaka uliofuata Johansson na Bennich wa Uppsala, Sweden, wakaeleza protini ileile waliyoipata kwa mgonjwa wa saratani ya uboho. Mwaka 1968 ikapewa jina la IgE. Kiasi chake katika damu ni kidogo mno: kwa mtu wa kawaida, kingamwili nyingine iitwayo IgG huizidi mara makumi ya maelfu. Tena IgE haifanyi kazi yake ikielea kwenye damu. Hunasa kwenye seli za masti zilizotapakaa ngozini, puani na tumboni, na kunasa huko huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana kule kusubiri hadi kesho yake kulifaa. Samaki akiingia na kuunganisha IgE mbili zilizokaa jirani juu ya seli, seli hiyo humwaga histamini, mishipa midogo huvuja maji, na ngozi huinuka. Mrija wa kioo hauna seli za masti. Kingamwili ilikuwamo, ila haikuwa na pa kujionyesha.

Kwa miongo kadhaa madaktari waliitumia ngozi ya mtu mwingine namna hiyo kuwapima wagonjwa wao. Mtindo huo ulikoma kwa sababu iliyo wazi kwetu leo: seramu ya mtu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini.

Kipimo cha ngozi cha sasa humtumia mgonjwa mwenyewe. Mhudumu huandika namba kwa kalamu kwenye kigasha, upande wa ndani, na kando ya kila namba hudondosha tone: utitiri wa vumbi, mende, chavua, karanga, kamba. Matone mawili ndiyo yanayobeba kipimo kizima. Moja ni histamini yenyewe, ambayo lazima ivimbishe. Lingine ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuvimbisha. Kila tone hutobolewa kwa kisindano kipya, kijuujuu, damu isitoke. Baada ya dakika 15 hivi uvimbe hupimwa kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa chanya. Histamini isipovimbisha, kipimo hakisomeki, na mara nyingi chanzo ni Piriton au setirizini aliyomeza mgonjwa juzi. Dawa hizo huachwa siku kadhaa kabla.

Vitabu vingi huonyesha picha za duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo msomaji mzoefu hapimi rangi. Huinamisha taa itoe mwanga wa ubavuni, hupitisha kidole kuhisi ukingo wa uvimbe, kisha huuzungushia kalamu. Wengine hubandika selotepu juu ya wino na kuihamishia kwenye faili, na hapo ukubwa halisi unabaki kwenye karatasi.

Kipimo cha damu huitafuta IgE ileile bila kusubiri ngozi ivimbe. Kinafaa kwa mwenye ukurutu mwili mzima, au asiyeweza kuacha dawa. Hatari yake ni kwamba kinahesabu kingamwili bila kuuliza kama ina nguvu ya kufanya lolote. Ushahidi mzuri ninaoujua umetoka Ghana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watoto wa shule zaidi ya 1,600. Katika damu, asilimia 17.5 walikuwa na IgE dhidi ya karanga. Kwenye ngozi, asilimia 2 tu ndio waliovimba. Ungefuata karatasi ya maabara peke yake, ungewakataza karanga watoto wengi wasio na tatizo nazo.

IgE ile ilitoka wapi? Kichocho kilikuwa sehemu ya jibu. Mayai ya mnyoo wake yana sukari zilizofungwa kwenye protini, na sukari zinazofanana nazo zimo kwenye mimea mingi, karanga ikiwamo. Mwili uliojifunza kupambana na mnyoo huitambua pia sukari ya karanga. Watafiti walipozitanguliza sukari hizo kwenye seramu, sehemu kubwa ya IgE ya karanga haikuonekana tena. Seli zilipojaribiwa kwa IgE hiyo, zilimwaga histamini kidogo sana. Kwa yeyote anayesoma majibu ya mzio kando ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho ni cha kawaida, nionavyo utafiti huo una uzito kuliko chati yoyote inayokuja na mashine.

Kuna pia vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa orodha ya vyakula kadhaa kwa mpigo. Hivyo havipimi mzio. IgG ya chakula kwa kawaida huonyesha kwamba umekuwa ukikila.

Mashaka yakibaki, hukumu hutolewa na mdomo. Mgonjwa hulishwa chakula chenyewe kliniki, kuanzia chembe, dozi ikiongezwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, adrenalini ikiwa tayari mezani. Kipimo kikitakiwa kiwe makini zaidi, chakula hufichwa ndani ya kingine, na siku nyingine hutolewa cha bandia, mgonjwa na daktari wote wasijue kipi ni kipi. Na kabla ya hayo yote daktari huuliza: ulikula nini, kimepikwa vipi, dalili zilianza baada ya muda gani? Küstner angepimwa kwa samaki mbichi, huenda angeruhusiwa kurudi nyumbani kula samaki wa kuchemsha.