Randa, Msasa na Kitenzi "Kulainisha"

Katika kutafsiri maelezo ya zana za seremala wa Kijapani, ni rahisi kutumia "kulainisha" kwa kila kazi ya kumalizia. Hilo ni kosa. Randa hukata nyuzi za mti, msasa huzikwaruza. Seremala wa Kijapani aghalabu humalizia kwa randa, na ubao ukang'aa bila ya kuguswa na msasa. Fundi wa Dodoma aliyezoea mninga anaijua tofauti hiyo: yeye husema "kupiga randa" na "kupiga msasa".

Kosa la pili ni zito zaidi. Randa na msumeno wa Kijapani hukata vinapovutwa. Bamba la msumeno huo ni jembamba; mwanafunzi akiandikiwa "sukuma", litapinda. Twapendekeza "randa ya kuvuta" na "msumeno wa kuvuta". Hatuna haja ya kukopa majina mapya. Randa yenyewe ilitujia kutoka ng'ambo ikazoeleka, na msasa ni mmea wenye majani ya kukwaruza, yaliyosugulia mbao kabla ya karatasi. Basi, kabla ya kusanifu istilahi hizi, mafundi na waulizwe.