Nani Anaimba "Baba O'Riley"?

Nilipokuwa kidato cha pili, binamu yangu aliniachia flashi yenye nyimbo mia na kitu. Nyingi zilikuwa Bongo Fleva. Katikati yake kulikuwa na moja iliyoandikwa "Baba O'Riley". Kiingereza changu kilikuwa cha kujibia mitihani tu, lakini neno la kwanza nililijua. Nikaamini ni wimbo wa mtoto kwa baba yake, mzee fulani wa Kizungu aitwaye O'Riley. Niliusikiliza kwa miezi mingi nikingoja huyo baba atajwe. Hatajwi hata mara moja.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba jina lile halimhusu mzazi yeyote. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza The Who, aliunganisha majina ya watu wawili aliowapenda. Mmoja ni Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India aliyekaa kimya tangu 1925 hadi alipofariki 1969. Mwingine ni Terry Riley, mtunzi wa Marekani anayejulikana kwa muziki wa vipande vifupi vinavyojirudia na kubadilika taratibu. Kwa hiyo nilikosea. Lakini kadiri ninavyourudia wimbo huu, naona kwamba nilikosea jina tu. Wimbo wenyewe nilikuwa nimeuelewa.

"Baba O'Riley" unafungua albamu ya Who's Next, iliyotoka Agosti 1971. Kwa zaidi ya miaka 50 umesikika kama wimbo wa taifa wa ujana, kiasi kwamba wengi hawalijui jina lake na huuita kwa yale maneno yanayopigiwa kelele kwenye kiitikio, yanayotaja jangwa la vijana. Si ajabu. Unaanza na kinanda cha umeme peke yake, noti zikizunguka kwa kasi kama mvua ya kwanza juu ya bati. Piano inaingia na kodi zake tatu nzito. Zinafuata ngoma za Keith Moon, halafu sauti ya Roger Daltrey. Gitaa, ambalo katika rock kwa kawaida ndilo mwenye nyumba, linachelewa hadi ubeti wa kwanza upite. Likifika, mwili wako umeshasimama. Kijana wa miaka 17 akisikia hivyo ataambiwa nini zaidi? Ni wimbo wake.

Ila katika ushairi tunafundishwa mapema tusimchanganye mtunzi na nafsineni, wala nafsineni na msikilizaji. Anayesema humu ni nani? Ni mtu wa shambani, anayepata chakula chake kwa jasho na haoni sababu ya kumwomba mtu radhi. Ana mwanamke aitwaye Sally, anayemwita washikane mikono wasafiri kuelekea kusini. Anahimiza wafike kabla umri haujawaacha. Kijana wa miaka 17 hana haraka ya namna hiyo. Hiyo ni haraka ya mtu mzima.

Historia ya wimbo inasema hivyo hivyo. Townshend aliutunga kwa ajili ya Lifehouse, filamu ya muziki kuhusu Uingereza ya siku zijazo, ambayo haikutengenezwa kamwe. Mradi ulimshinda, na nyimbo zake kadhaa zikaokolewa kwenye Who's Next. Kwa jinsi alivyoisimulia hadithi hiyo baadaye, Ray na mkewe Sally ni wakulima wa Scotland. Binti yao, Mary, ametoroka nyumbani kwenda kwenye tamasha la siri. Wazazi wanafunga safari kwa gari, wakipita katika nchi iliyoharibiwa na uchafuzi wa hewa, kumtafuta.

Anayeimba, basi, ni baba wa aliyetoroka.

Townshend mwenyewe alikuwa na miaka 26 albamu ilipotoka, na nyumbani alikuwa na binti wa miaka miwili. The Who walikuwa wamepiga Woodstock mwaka 1969, na ameeleza kwamba wimbo huu ulitokana na ukiwa aliouona kwa vijana wa pale, walioharibiwa na dawa za kulevya. Amesikitika pia kwamba watu waliugeuza kuwa wa kusherehekea. Sikiliza pale katikati, ngoma zinapotulia. Daltrey anaacha kuimba na Townshend anaingia kwa sauti nyembamba, karibu ya kubembeleza, akimsihi mtu asilie. Ile si sauti ya muasi. Ni ya mtu aliyesimama mlangoni usiku na taa mkononi.

Nilimaliza kidato cha nne Njombe mwaka ambao baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nisomee uuguzi. Mimi nilitaka kidato cha tano, fasihi. Tuligombana kwa wiki mbili, kisha alfajiri moja nikapanda basi la Dar na begi moja na ile flashi. Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hicho vizuri: msichana, basi, masikioni wimbo wa The Who. Katika masimulizi yangu baba anaonekana mwishoni tu, siku ya ishirini na kitu, kwenye mlango wa chumba cha rafiki yangu Manzese, na nusu gunia la viazi. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akaniambia mama anasalimia, akakaa kwenye ndoo. Hapo huwa namaliza, watu wanacheka.

Sijawahi kusimulia safari yake, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Hata hivyo, simwachii Townshend kirahisi. Wimbo unaoitwa wa vijana haumpi kijana hata mstari mmoja. Mary hatajwi. Baba anazungumza na mama, mama hajibu, na binti ni jangwa tu linalotazamwa kupitia kioo cha gari. Mimi niliyekuwa ndani ya lile jangwa ningesema kwamba halikuwa jangwa. Kulikuwa na wali wa nazi, kazi ya saluni, na kitabu cha Kezilahabi nilichokisoma chote kwa mwanga wa simu. Wazazi wakiogopa huona maangamizi hata pale mtoto anapopika chai.

Labda ndiyo maana wasikilizaji waliuchukua. Hadithi ya Lifehouse ilipoanguka, ilibaki sauti isiyo na mwenyewe, na vijana wakaipa mwenyewe. Kwenye kiitikio wanapiga kelele kujaza nafasi ambayo Mary aliachiwa tupu. Siwezi kuwaambia wamekosea. Na bado, The Who walipoupiga London kufunga Olimpiki ya 2012, Daltrey akiwa na miaka 68 na Townshend 67, niliona kwenye video kwamba unawakaa vizuri kuliko ulivyowakaa wakiwa vijana. Walikuwa wameufikia umri wa anayeimba, wakaupita.

Wimbo unakwisha na fidla ya Dave Arbus, wazo la Keith Moon, ikikimbia kasi zaidi na zaidi kama ngoma ya harusi. Hakuna neno tena. Ukiujua kisa, utagundua kwamba wazazi hawajafika popote. Bado wako barabarani.

Mwezi uliopita nilimpigia baba. Nilimuuliza, mwaka ule, alijuaje nilipo. Akasema hakujua. Alishuka Ubungo na picha yangu ya pasipoti, akawa anawauliza wasichana wa rika langu, siku nne.

"Ulikuwa unalala wapi?"

"Pale pale stendi."

Nilinyamaza. Akangoja kidogo, kisha akaniuliza debe la viazi Dar sasa hivi ni shilingi ngapi.