Pongezi kwa wapiga picha wa Kilwa Masoko

Gari halivuki kwenda Kilwa Kisiwani. Huko huendwa kwa mashua. Mwenye gari lake jipya atayaona magofu yale yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, ila gari litabaki Kilwa Masoko, ufukweni, na picha yake itapigwa hapo. Hapo ndipo namvulia kofia mpiga picha wetu.

Anajua bahari yetu iko mashariki. Asubuhi, jua likitokea nyuma ya gari, gari hugeuka kivuli cheusi. Basi husubiri alasiri, jua limpige yeye mgongoni. Hupiga magoti mchangani, kamera usawa wa taa za mbele, halafu husogea hatua mbili ili mnazi usionekane umeota juu ya paa. Na vumbi la safari ya kutoka Dar es Salaam hulifuta kwanza kwa kitambaa, si kwa programu ya simu!

Kwenye kuhariri ana mkono mwepesi: hunyoosha mstari wa bahari, hupunguza weupe wa anga, huficha namba za gari, basi. Kuna wanaoipaka bahari buluu ya kufulia nguo, hao siwapongezi.

Ukimpata mwenye mkono mwepesi, mlipe bei yake bila kumkandamiza.