Buluu ya Bangwe

Bangwe, kwenye rasi iliyo karibu na mji wa Kigoma, anaishi muuguzi achoraye. Kazi yake ni ya zamu, nyingi za usiku. Akitoka wodini hulala saa chache, kisha huketi barazani na kuchora nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Hachori mtumbwi, wala milima ya Kongo inayoonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika siku za anga safi. Huchora tabaka za buluu inayokaribia weusi, na ndani yake doa dogo la manjano lisilokaa kamwe katikati.

Aliponionyesha mara ya kwanza nilifanya kosa wafanyalo wengi tuliolelewa na vina na mizani: nikauliza ni picha ya nini. "Ni usiku wa jana, Mwalimu," akasema. Nami, kwa kiburi cha mhakiki, nikamwambia kwamba huko ni kuikimbia kazi. Hakujibu. Neno hilo ndilo nilifutalo leo.

Bangwe pia pana gereza, na nilipokuwa nikilipita ndipo aliponijia Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Msomaji wa pwani hatapata taabu kumwelewa, kwani aliichukua hati ya Kiarabu, ile ile iliyotuhifadhia tenzi, akazivunja herufi zake hadi zikawa mifupa, pembe na nyuso. Naye alikuwa mtu wa ofisi. Alikuwa na cheo kikubwa wizarani, upande wa utamaduni, alipokamatwa mwaka 1975 chini ya utawala wa Nimeiry, akafungwa gereza la Kober kwa takriban miezi sita bila ya mashtaka. Humo alichora kwa siri juu ya vijipande vya karatasi, akavifukia mchangani.

Baadaye alihamia Qatar, akaajiriwa serikalini, na katika miaka hiyo ya ajira, 1984 na 1985, akachora "The Inevitable", yaani Lisiloepukika: wino mweusi juu ya vibao tisa. Si dhahania tupu. Ngumi zimeinuka humo, na nyuso zinatazama. Lakini kibao kimoja huzaa kingine, kama vile vijipande vya Kober vimepata nafasi ya kukua, na mkono unakwenda bila ya kujua mwisho. Taarifa ya ofisi haimpi mtu ruhusa hiyo, wala daftari la wodi. Uzeeni, akisumbuliwa na maumivu ya mgongo, alichora nyuma ya pakiti za dawa, na michoro hiyo ikaitwa "Pain Relief", Kituliza Maumivu. Zamani jina hilo lingenichekesha.

Nilidhani kimbilio ni usingizi. Ajabu kwa mtu wa kisiwani kusahau kwamba chombo huikimbilia bandari kikiwa na shehena yake yote.

Safari iliyopita nilimkuta muuguzi ameongeza mtumbwi juu ya ile buluu, mdogo, wenye karabai, ili wageni waelewe. Wote barazani waliusifu. Kwangu ndio mchoro wake dhaifu kuliko yote, na udhaifu huo nimeutia mimi: taa ile, ambayo ingeweza kuwa ya mgonjwa yeyote, sasa ni ya mvuvi wa dagaa.