Mwanafunzi Aliye Ugenini: Pengo Katika Fasihi Yetu ya Safari

Fasihi ya Kiswahili haina uhaba wa habari za safari. Tangu Selim bin Abakari aliposimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, hadi Adam Shafi alipotoa Mbali na Nyumbani mwaka 2013, Mswahili amekwenda, ameona na amesimulia. Hata hivyo, sisi tunaovisomesha vitabu hivi tuna wajibu wa kuuliza swali moja: yule aliyekwenda ugenini kutafuta elimu, je, tumepata kumwona akisoma? Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba maandishi tunayoyatumia zaidi madarasani yanamwonyesha mwanafunzi huyo akiwa njiani na akiwa amekwisha kurudi, na kwamba pengo lililo katikati linadhuru ufundishaji wa lugha yenyewe.

Tuanze na Adam Shafi. Mbali na Nyumbani ni masimulizi ya kijana aliyeondoka Unguja kwa kiu ya kwenda kusoma Ulaya, akapita Kenya, Uganda na Sudani mpaka Misri. Kwa upande wa fani, mwandishi amefaulu sana. Lugha yake ni ya mtu anayezungumza barazani, haina madoido, nayo humvuta msomaji kutoka kituo hadi kituo. Kwa upande wa maudhui, anatufundisha kwamba elimu ilikuwa kitu cha kufuatwa kwa miguu, kwa njaa, na hata kwa hatari ya kifungo. Lakini nguvu za kitabu zimo njiani. Darasa analoliota kijana linabaki kuwa shabaha ya mbali. Hilo si kosa la mwandishi, kwa kuwa kazi aliyojiwekea ilikuwa kusimulia njia. Kosa ni letu tukidhani kwamba kwa kuisoma njia tumekwisha kuisoma elimu.

Kitabu cha pili ni Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, tulichopewa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975. Mara nyingi wanafunzi huandika katika insha zao kwamba Ocol ni msomi aliyerudi kutoka Ulaya. Walimu tuwarudishe kwenye matini: Lawino anasema mumewe alisoma Makerere. Aliyekwenda mbali ni mshairi mwenyewe. Okot alifika Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila Oxford. Aberystwyth ni mji mdogo wa pwani huko Wales, na humo Kiwelshi kinasemwa bega kwa bega na Kiingereza. Mtu aliyeishi mahali kama hapo angeweza kumtuma mhusika wake ng'ambo ya bahari; badala yake alimtuma Kampala. Hapa ndipo penye uzito wa utungo huu. Ugeni haupimwi kwa maili. Ocol amepotea bila kuvuka mpaka, kwa sababu alijifunza maneno ya watu ambao hakupata kuishi nao, akayadharau ya watu aliozaliwa nao.

Sasa tulitazame lile pengo kwa mfano wa vijana wa Kiafrika wanaosomea udaktari nchini Kuba. Chuo cha udaktari cha Amerika ya Kilatini kilifunguliwa Havana mwaka 1999. Mwanafunzi asiyejua Kihispania huanza kwa kozi ya lugha. Baada ya miaka ya mwanzo katika mji mkuu, husambazwa kwenye vyuo vya mikoani, katika miji iliyo midogo kuliko Havana. Mwaka 2018 Kenya nayo ilipeleka Kuba madaktari wake wapatao 50 kusomea udaktari wa jamii.

Kwa mwalimu wa lugha, huo mji wa mkoani ndio shule yenyewe. Katika jiji kubwa mgeni aweza kujificha miongoni mwa wenzake. Katika mji mdogo, muuza mkate, mwenye nyumba na mgonjwa wote wana lugha moja tu. Atokaye kwetu hana mkono mtupu: Kihispania kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u. Aidha, pale sisi tunapotenga "yeye ni daktari" na "yuko hospitalini", Mhispania naye hutenga kitenzi ser na kitenzi estar. Lakini ulinganifu huo una mwisho wake. Sisi husema "nimechoka", kwa kitenzi kimoja. Wao husema estoy cansado, yaani wanaitaja hali aliyo nayo mtu. Kanuni hiyo huandikwa ubaoni kwa dakika moja. Kuizoea ni kazi ya miezi sokoni na wodini. Hata kwetu, mgonjwa hasemi tu kwamba tumbo linauma: husema linakata, linasokota, linawaka, linanguruma. Daktari asiyezijua tofauti hizo hajamsikia mgonjwa wake, hata akiwa amefaulu mitihani yote.

Maisha hayo ndiyo yanayokosekana katika vitabu tulivyovitaja. Kukosekana kwake kunatugusa sisi wa Kikorongo, mahali ambapo barabara ya kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe inachepuka kutoka ile ya Kasese. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto hujifunza ngeli kwa ajili ya mtihani, halafu hupita katika soko la mpakani, ambapo wafanyabiashara kutoka Kongo huzungumza Kiswahili, akiwa ameonywa kwamba hicho ni kibovu. Tukiendelea hivyo tutawalea akina Ocol wa Kiswahili: wenye cheti, wasio na mtu wa kusema naye.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili cha Kongo kitaharibu usanifu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana mtahini hatakubali kila kitu. Lakini aliyejifunza Kihispania Kuba hurudi akiimeza s ya mwisho wa maneno, na hakuna asemaye kwamba hakujifunza Kihispania. Hufundishwa tu wapi pa kuitamka. Zaidi ya hayo, Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kabla hakijapewa kamusi ya usanifu, kilikuwa maneno ya watu wa mji mmoja, bandarini na sokoni. Mwenye kulidharau soko anadharau chimbuko la usanifu anaoutetea.

Ndugu walimu, tunaposomesha vitabu hivi tuwaulize wanafunzi: ni nani aliyemfundisha mhusika huyu lugha ya ugenini, na kwa tukio gani? Pale ambapo kitabu kiko kimya, waandike wao hayo yaliyonyamaziwa. Tuwapeleke sokoni na daftari, wakusanye maneno, kisha tuyapime pamoja darasani: lipi la sanifu, lipi la mahali, lipi linafaa wapi. Na wale waliorudi kutoka miji midogo ya ng'ambo wahimizwe kutuandikia kwa Kiswahili, wasituletee orodha ya majengo waliyoyaona, bali watueleze siku walipomwelewa mtu kwa mara ya kwanza bila kutafsiri kichwani.