Kiwavi Mwindaji wa Hawaii na Kazi ya Kurekodi Mageuko

Katika misitu ya Hawaii yupo kiwavi anayekula nyama. Hushikilia tawi kwa miguu ya nyuma, hujinyoosha mpaka akafanana na kijiti, kisha hutulia. Nzi akipita na kugusa sehemu yake ya nyuma, kiwavi hujipinda ghafla na kumnasa kwa miguu sita ya mbele yenye kucha. Shambulio hilo huchukua takribani sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Filamu ya kawaida hupiga picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo tukio zima lingeingia katika picha mbili tu. Mtazamaji angemwona nzi akitembea, kisha angemwona ameshanaswa, bila kujua kilichopita katikati.

Dawa ni kamera ya kasi kubwa. Ikipiga picha 1,000 kwa sekunde, shambulio hupata picha zaidi ya 80. Zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida wa 24, hujaza zaidi ya sekunde tatu za filamu, na hapo jicho huona mwili ukipinda, kucha zikifunguka na nzi akijaribu kuruka akiwa amechelewa.

Lakini kasi ina gharama, na gharama yenyewe ni mwanga. Kila picha inapata muda mfupi mara 40 kuliko ule wa filamu ya kawaida, hivyo inadai mwanga mwingi kwa kiasi hichohicho. Lenzi ya kukuza vitu vidogo huongeza mzigo: ikimkaribia mdudu, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba sana, kiasi kwamba jicho linaweza kuonekana vizuri huku mguu ukiwa ukungu mtupu. Ili kuipanua sehemu hiyo, mpigapicha hubana tundu la lenzi, na mwanga hupungua tena. Taa za zamani zilizotosheleza haja hiyo zilitoa joto la kumkausha mdudu au kumfanya akimbie. Ndiyo maana wapigapicha walitumia nyuzi za kioo zinazopeleka mwanga na kuliacha joto mbali, na baadaye taa za LED. Hizo nazo lazima ziwe za aina isiyopepesa, kwa sababu kwa kasi ya picha 1,000 hata mpepeso ambao jicho haliuoni hujitokeza kwenye skrini.

Swali linalobaki ni la subira: mpigapicha atajuaje lini abonyeze? Hana haja ya kujua. Kamera hizi hurekodi mfululizo katika kumbukumbu inayojifuta na kujiandika upya. Mpigapicha huona shambulio, kisha ndipo hubonyeza, na kamera huhifadhi sekunde zilizokwisha kupita. Mengi ya matukio ya aina hii hurekodiwa ndani, kwenye tawi lililokatwa na kuwekwa mbele ya lenzi. Hilo si udanganyifu, mradi kiwavi anafanya kile anachokifanya msituni. Mfululizo wa BBC wa mwaka 2005, Life in the Undergrowth, uliosimuliwa na David Attenborough, ulitegemea sana ustadi wa namna hii.

Picha hiyo nzuri, hata hivyo, bado haijaonyesha mageuko. Imeonyesha uwindaji tu. Viwavi wa jenasi yake, Eupithecia, wanapatikana sehemu nyingi za dunia na kwa kawaida hula maua, mbegu na majani. Hawaii iko maelfu ya kilomita kutoka bara lolote, na kabla ya watu kufika haikuwa na sisimizi wala vunjajungu. Nafasi ya mwindaji anayevizia ilikuwa wazi, na ukoo wa nondo hawa ukaijaza. Mtaalamu wa wadudu Steven Montgomery alipoigundua tabia hii mwaka 1972, aliwashangaza wataalamu wenzake. Ili mtazamaji aielewe, filamu inahitaji picha ya pili: ndugu wa kiwavi huyo, bara, akila ua kwa utulivu. Waandaaji wengi huiacha picha hiyo kwa sababu haina msisimko. Ni kosa kubwa, maana bila yake kiwavi wa Hawaii anabaki kuwa kioja tu.

Visiwa vyenyewe humsaidia mhariri kwa njia nyingine. Kitovu cha joto kilichovizaa, kilicho chini ya ardhi, kimebaki palepale huku bamba la dunia likisogea kuelekea kaskazini-magharibi, hivyo Kauai ina umri wa takribani miaka milioni 5 na kisiwa kikubwa cha Hawaii hakijafikisha milioni 1. Mtaalamu wa jenetiki Hampton Carson alifuatilia michirizi ya kromosomu za nzi wenye mabawa yenye madoa, akaonyesha jinsi jamii zao nyingi zilivyohama kutoka visiwa vikongwe kwenda vichanga. Kamera ikisafiri kisiwa hadi kisiwa, inapita katika muda ambao hakuna awezaye kuurekodi.

Nyenje wa Kauai ni habari tofauti, kwa sababu muda wa mageuko yao ulikuwa mfupi. Nzi mmoja mdogo aliyetoka Amerika Kaskazini humfuata nyenje dume kwa kusikia wimbo wake, kisha humwachia viluwiluwi wanaomtafuna akiwa hai. Mwaka 2003 mwanabiolojia Marlene Zuk na wenzake waligundua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya madume waliobaki Kauai walikuwa na mabawa bapa yasiyoweza kutoa sauti. Badiliko hilo lilienea kwa vizazi visivyozidi 20 hivi.

Hapa fundi wa sauti ndiye mwenye habari mkononi. Katika filamu za wadudu sauti nyingi huongezwa studioni, na Microcosmos ya Ufaransa, iliyopata tuzo ya ufundi Cannes mwaka 1996, iliitumia mbinu hiyo kwa ufundi mkubwa. Kwa nyenje wa Kauai, mchakacho wowote wa kubuni ungeiua habari. Inatakiwa sauti halisi ya uwanja wa usiku: dume mmoja mmoja anayeimba, na wengi walio kimya wakijikusanya karibu naye ili kuwapata majike wanaovutwa na wimbo wake. Kisha kamera iende kisiwa cha Oahu, ambako madume mabubu pia wametokea, ila kwa badiliko jingine la jeni. Mabawa ya visiwa hivyo viwili yakikuzwa na kuwekwa bega kwa bega kwenye skrini, tofauti ya maumbo yao huonekana kwa macho.